Vitone Vitatu kwenye Bawaba

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu Nyundo,

Salamu baadaye. Kwanza nijibu swali moja: kile kichuma cha baba cha kugongea alama kiko wapi?

Jumamosi lililetwa birika la fedha hapa kwenye nyumba ya mnada. Tuliambiwa ni mali ya familia fulani iliyouza nyumba yao. Bosi alilipenda hata kabla hajavua koti. Kitakoni lina mihuri minne ya zamani: wa ubora wa fedha, wa mji lilikopimwa, herufi ya mwaka, na herufi mbili za fundi ambaye vyombo vyake watu wanavitafuta kwa tochi. Nikaagizwa niandike cheti kwamba ni lake, ili liingie kwenye mnada wa mwisho wa mwezi.

Nililigeuza pale dirishani penye mwanga. Mihuri yenyewe ni halali, hilo silibishii. Lakini imebanana kwenye mstari mmoja, kama inavyogongwa kwenye mpini wa kijiko. Kwenye kitako cha birika fundi wa zamani angeigonga kwa duara. Basi nikafanya alivyotufundisha baba, nikalipumulia. Mvuke ulipotanda, ukajitokeza mstari mwembamba umeizunguka mihuri pande zote. Mtu amekata kipande cha kijiko cha kale chenye mihuri ya kweli, akakipachika na kukilehemu kwenye birika la juzijuzi.

Hayo nimeyaona mara nyingi, hayaninyimi usingizi. Kilichonitoa jasho ni bawaba ya kifuniko. Kwa ndani, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayechungulia, kuna vitone vitatu, viwili juu na kimoja chini.

Unajua mwenyewe. Baba alivigonga kwenye kila alichokitia mkono, hata kikombe alichoziba tundu tu. Sisi tukimwachia kikaratasi mezani bila vitone, alikuwa anakiinua juu na kuuliza, "Kazi ya nani hii?" Mpaka leo siwezi kumaliza barua bila kuvitia, na wewe vilevile.

Bosi sijamwambia. Nimemdanganya kwamba lenzi yangu ina ufa na nangoja nyingine. Simu yako kila nikipiga haipatikani, na ya mama siwezi, maana mama akiongea na simu mtaa mzima unasikia. Ndiyo maana naandika na kutuma kwa kifurushi cha basi. Nijibu kwa njia hiyohiyo. Niambie nimekosea. Safari hii nitafurahi sana kuitwa mjinga.

Dada yako,
Jicho
∵

*

Alhamisi, 7 Machi

Dada Jicho,

Wewe ni mjinga. Haya, umefurahi?

Baba alikarabati nusu ya mabirika ya mji huu. Bawaba ililegea, mwenye birika akamletea, akaikaza, akagonga vitone vyake kama kawaida yake. Baadaye, huko mbele ya safari, tapeli mmoja akapachika mihuri yake kitakoni. Sisi tunaingiaje hapo? Kichuma kipo kwenye droo, kinakula vumbi. Simu yangu ilidondoka kwenye ndoo ya maji, nayo naiombea rehema.

Mama hajambo. Mguu bado unavimba, lakini kuna mteja wangu mmoja mwenye gari anampeleka kliniki na kumrudisha mpaka mlangoni. Mama anasema huyo ndiye mtoto ambaye ilipaswa amzae, sisi wawili tulikuja kwa bahati mbaya. Nimecheka tu.

Ila dada, barua hii usimwonyeshe mtu. Na hilo birika ameliona nani mwingine? Bosi wako ana tabia ya kuchungulia bawaba? Mwandikie cheti chake mambo yaishe. Wewe tangu utotoni ukikuta uzi unaning'inia lazima uuvute.

Mdogo wako,
Nyundo
∵

*

Jumatatu, 11 Machi

Nyundo,

Nilisoma barua yako nikacheka, kisha nikafika kwenye yale maswali yako na kicheko kikaniishia. Hukuuliza nimejuaje. Umeuliza nani mwingine ameona.

Nimerudi kwenye bawaba. Kingo za vitone bado kali, zinakwaruza ukucha. Bawaba hufunguliwa na kufungwa kila siku, fedha inalika, na baba hatunaye miaka sasa. Vitone hivi havina hata mwaka.

Lakini siyo hilo linalonifanya nikuandikie kwa haraka hivi. Juzi alikuja mwanamume mmoja hapa kazini. Shati jeupe limepigwa pasi vizuri, sauti ya chini mpaka unalazimika kumsogelea ili umsikie. Akauliza ni nani anayekagua fedha, wakamleta mezani kwangu. Akanipa mkono, akauliza kwa adabu zote cheti cha birika kinachelewa kwa sababu gani. Nikamweleza habari ya lenzi. Akatikisa kichwa kama mtu anayenionea huruma, akainuka. Alipofika mlangoni akageuka na kuniambia, "Mguu wa mama nao unaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi."

Hapa kazini hakuna mtu niliyemwambia habari za mguu wa mama. Tangu juzi nimehamisha meza yangu kutoka dirishani, bosi anadhani ni jua.

Mdogo wangu, huyo ndiye mteja mwenye gari? Usinifiche tena. Naogopa, na ukinitania kwenye barua ijayo nitaogopa zaidi.

Jicho
∵

*

Alhamisi, 14 Machi

Dada,

Ndiye. Mimi namwita Mpole, kwa kuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

Alikuja karakana na birika lenye tundu kitakoni. Akatoa kipande cha fedha mfukoni, akasema nizibe kwa hicho. Kipande kilikuwa na mihuri. Nilijua, dada. Nilijua palepale, nikaziba. Karakana ilikuwa na ukiwa, wateja walikuwa wamehamia kwa wauza mikufu ya dukani. Akarudi na bakuli, kisha vinara vya mishumaa. Nilipomwambia imetosha, hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha baba, akanisimulia habari ya sonara mmoja wa mji mwingine aliyemwambia imetosha. Alisema siku hizi sonara huyo hawezi kushika hata kijiko cha chai, vidole havikunji. Alisimulia huku mama anamimina chai, na mama akasema maskini, ajali gani hiyo.

Simu haikudondoka kwenye maji. Aliiazima.

Sasa yuko hapa kila siku. Anampeleka mama kliniki, anajua dawa zake, anajua saa ya kuzinywa kuliko mimi. Mama anamwita mwanangu. Nikimtazama mama akimshika mkono kushuka ngazi, nahesabu ngazi mpaka wafike chini.

Unataka kujua vitone vilifikaje pale. Sikukusudia. Ukimaliza kulehemu na kung'arisha, mkono unaingia kwenye droo wenyewe, unatoa kichuma, unagonga. Baba alitupiga makofi kwa kusahau, hakutufundisha namna ya kuacha. Niligonga kwenye birika, na kwenye bakuli, na kwenye vinara pia, nikagundua vyombo vilipokwisha kuondoka. Umewahi kusikia mwizi anayeacha jina lake nyumba ya watu? Mpole hajui. Akijua kwamba kila alichouza kina alama inayoongoza hadi mlangoni kwetu, hatangoja siku ya pili.

Nakuomba mambo mawili. Chukua tupa, ufute vile vitone. Kisha andika cheti. Amesema birika hili likipita ataniacha. Barua zako naziendea mwenyewe kwenye ofisi ya mabasi, na nikishasoma natupia kwenye jiko la kuyeyushia fedha.

Nyundo
∵

*

Jumatatu, 18 Machi

Mdogo wangu,

Ijumaa bosi alipotoka nilichukua tupa ndogo, nikafungua kifuniko, nikaweka ncha kwenye alama ya baba. Mkono ulikataa. Si kwamba mimi ni mwema kuliko wewe. Nilifikiri hivi: nikiifuta, Mpole atakuwa na cheti changu mkononi na fundi wake karakanani, na atatumiliki sote wawili. Mtu wa namna hiyo hawezi kukuacha birika hili likipita. Atakuletea jingine.

Basi sikiliza. Alhamisi ni siku ya mama ya kliniki. Mwambie Mpole daktari anataka mama afike mapema, ukodi teksi, muende moja kwa moja kituo cha mabasi. Usimwambie mama kitu mpaka basi liondoke, kisha ubebe lawama zake zote njiani. Mje kwangu. Mkishafika nitamweleza bosi kila kitu, nitamfungulia bawaba aone mwenyewe, twende polisi na birika. Utashtakiwa, sitakudanganya. Lakini utashtakiwa ukiwa na vidole vyako.

Nguo chache tu. Dawa za mama usisahau. Kile kichuma njoo nacho, kisibaki pale.

Mpaka mfike sitakula nikashiba. Kila mlango ukigongwa nashika moyo.

Jicho
∵

*

Alhamisi, 21 Machi

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, kama sisi tulivyo wazima. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba mambo yote yamekwenda vizuri.

Nimezungumza na yule rafiki yetu. Ni mwelewa sana na hana kinyongo. Nilitia chumvi katika barua yangu iliyopita kwa sababu ya uchovu. Mama hataki kusafiri, mguu hauruhusu, na kliniki ameshapelekwa leo kwa gari.

Tafadhali usiandike cheti wala usizungumze na bosi wako. Ni vizuri zaidi ulete birika hapa nyumbani wewe mwenyewe. Mwambie bosi unalipeleka kwa fundi akalichunguze. Njoo peke yako ili tuyamalize kifamilia. Pia tueleze ni vyombo gani vingine umeviona vyenye ile alama ya baba, na kwenye kila kimoja alama imekaa mahali gani.

Mama anakusubiri kwa hamu.

Mdogo wako akupendaye,
Nyundo

*

Ijumaa, 22 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimeshukuru sana. Kumbe nilikuwa najitia presha bure. Mwombe radhi yule rafiki yetu kwa niaba yangu, nilimdhania vibaya.

Nitakuja Jumapili kwa basi la asubuhi, peke yangu, na birika nitakuja nalo. Vyombo vingine vyenye alama ya baba viko viwili hapa mnadani. Mahali ilipo nitawaonyesha kwa mkono, ni vigumu kueleza kwa maandishi.

Mama asipike sana.

Dada yako,
Jicho

*

Ijumaa, 22 Machi

Bosi wangu,

Naomba uisome barua hii umekaa. Nimeona nikuandikie, maana nikisimama mbele yako nitalia, na muda wa kulia sina.

Lenzi yangu haina ufa wowote. Birika ni la kughushi, na aliyelipachika mihuri ni mdogo wangu wa tumbo moja, kwa kulazimishwa na yule mwanamume mwenye shati jeupe aliyekuja kunisalimia mezani. Nimekuambatishia barua zake. Ukishazisoma utaelewa kwa nini nilikuficha, na unifukuze kazi ukitaka, ila si leo.

Soma hasa ile ya jana. Mwandiko ni wake, naujua kila herufi. Maneno ni kama ya barua ya maombi ya kazi, lakini hilo ningeweza kusema ni woga. Kilichonifanya nizitandaze barua zake zote sakafuni ni pale chini ya jina. Hakuna vitone. Nyundo hajawahi kuandika kitu bila kuvitia, tangu alipojifunza kushika kalamu. Huyo ndiye mtu aliyeshindwa kuacha kuvigonga hata kwenye wizi. Jana aliviacha. Aliandika alichoambiwa, na mahali pekee alipoachiwa nafasi ya kusema, aliniambia hii si kazi yake.

Barua yangu ya Jumatatu haikumfikia mkononi. Mpole aliiendea kituoni kabla yake. Kwa hiyo mpango wote wa kuwatorosha nimempa mimi mwenyewe, na nimemwambia kwamba birika lina alama, kwa mwandiko wangu mzuri. Nashukuru kwamba sikueleza alama inafananaje. Alikuwa nayo mbele ya macho yake, chini ya jina langu, asijue ndiyo hiyo.

Nimemjibu leo kwa utii wote, nami sikutia vitone. Nyundo akiiona atajua kwamba nimejua. Nimesema Jumapili ili tupate siku mbili, na nimemzulia habari ya vyombo vingine viwili ili aone bado ananihitaji.

Nakuomba uende sasa hivi kwa yule mpelelezi aliyekuja mwaka jana kutuuliza habari za vyombo bandia. Mpe barua hizi na birika. Mfungulie kifuniko, aipige picha bawaba kwa ndani. Mwambie nyumba ina mama mgonjwa asiyejua chochote, na kijana ambaye vidole vyake ndiyo maisha yake. Mwambie asitume magari yenye king'ora. Mimi nitapanda lile basi nilivyosema, kwa sababu Mpole atakuwa amekuja kunipokea, na akiwa kituoni hayupo nyumbani.

Sijawahi kuogopa hivi. Lakini nitapanda.

Jicho
∵

*

Jumanne, 9 Aprili

Dada Jicho,

Nakuandikia kutoka mahabusu. Karatasi nimepewa na askari mmoja mwema, kalamu natakiwa kuirudisha.

Vidole vyangu vyote vipo. Usiupime mwandiko, naandikia magotini.

Ile barua yako ya mwisho aliisoma yeye kwanza, kwa sauti, mbele ya mama, akaisifu kwamba dada yako ana akili. Kisha akanipa. Nilitazama chini ya jina lako nikakuta patupu. Nilikwenda bafuni, nikafungulia bomba, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba. Nilijua unakuja, na nilijua hauji peke yako. Jumapili alipotoka kwenda kukupokea alimwachia rafiki yake kazi ya kutukalia sebuleni. Alivyokamatwa kituoni uliona wewe, polisi walivyoingia nyumbani mama amekusimulia kwa namna yake. Bado haamini. Jana aliniletea shati safi, na jingine la Mpole. Nimemwambia hilo arudi nalo. Akaniuliza, "Kwani mtoto wa watu alikukosea nini?"

Usiku nalala nimegeukia mlango. Mpole yuko upande wa pili wa jengo hilihili, na juzi tulipopishana kwenye korido aliniuliza, kwa sauti ileile, mama anaendeleaje. Kwa hiyo mama asirudi nyumbani. Akae kwako hata akinung'unika.

Mpelelezi ameniambia Mpole anakana kila kitu. Mawakili wake wanasema mihuri ya vyombo ni halali, na kwamba hakuna awezaye kuthibitisha vimepita mikononi mwa nani. Mihuri ni halali kweli. Kitu pekee kinachoviunga vyombo vyote na karakana yetu, na karakana na yeye aliyeviuza, ni kile nilichokigonga kwa mazoea. Nikikikubali nimemfunga, nami nimejifunga pamoja naye. Nimekikubali. Jana nilitia sahihi.

Wameshapata birika, bakuli na vinara. Watakuita mahakamani uvitambue, maana hakuna mwingine anayejua pa kutazama. Najua ulivyo. Utafika kwenye bawaba, utaniona nimekaa pale kizimbani, na mkono utakataa kama ulivyoikataa tupa. Na yeye atakuwa anakutazama kwa upole.

Usinionee huruma, dada. Shika lenzi, fungua kifuniko, lisogeze dirishani. Wakikuuliza kazi ya nani hii, wajibu.

Mdogo wako,
Nyundo
∵